Itifaki Yenye Tundu

Mimi majina hayanitoki. Nionyeshe mtu yeyote wa mtaa huu wa Kikuyu, hapa Dodoma, nitakutajia jina lake, la baba yake, la babu yake, na lile alilopewa utotoni alipokuwa akijikojolea, ambalo leo ukimwita nalo mbele ya wafanyakazi wenzake ananuna mpaka Jumapili. Lakini hapa sitaandika hata moja. Si woga. Ni kwamba katika mambo haya ninayoyasimulia, watu waliandikwa majina yao kwa herufi kubwa za dhahabu, zinazomemetuka na kuzunguka, na bado hawakushiba. Nikiwaongezea mimi nitakuwa nalisha waliovimbiwa.

Mjukuu wangu wa kike, binti wa pili wa mwanangu, alimaliza chuo hapahapa Dodoma, akaja kukaa kwangu. Alisema kwangu kuna utulivu. Ukweli ni kwamba kwao kuna baba yake. Baba yake ni mwanangu, nimemzaa mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kumsema: ni mtu wa ofisi, anavaa shati la mikono mirefu hata Oktoba jua linapopasua mawe, na kazi isiyo na kiti, meza na mtu wa kumwamkia mlangoni, kwake yeye si kazi.

Kazi ya binti ni kuchora watu ndani ya kompyuta kisha kuwafanya watembee. Katuni. Siku ya kwanza aliponionyesha niliona kikongwe amejifunga khanga, anatembea ameegemea upande mmoja, nyonga imemtangulia kama jogoo anayetafuta ugomvi.

"Huyu nani?"

"Wewe, Bibi."

"Mimi sitembei hivyo."

"Hebu nenda jikoni urudi."

Nikaenda jikoni, nikarudi. Suala hilo hatukulizungumza tena.

Dada yake mkubwa alipochumbiwa na mambo yakafika kwenye send-off, sherehe ya kumuaga kwao, binti alijitolea kutengeneza katuni fupi ya maisha ya bibi harusi, ionyeshwe ukumbini kwenye runinga kubwa. Mwanangu alimjibu hapa sebuleni kwangu, akiwa amesimama.

"Sawa. Watu wote watakuwepo siku hiyo. Ikionekana ni kazi ya mtu mzima, endelea nayo, sitafungua mdomo tena. Ikiwa ni mchezo wa watoto, au isipokuwa tayari, kompyuta hiyo inauzwa, na Jumatatu yake unakwenda Kibaigwa kwa mjomba wako. Ana duka la vifaa vya ujenzi, anatafuta mtu wa kupima misumari."

"Sawa, baba," binti akasema.

"Mama, umesikia? Uwe shahidi."

"Nimesikia. Na misumari nayo imesikia. Kaa unywe chai."

Hakukaa. Alikuwa na kikao. Mwanangu daima ana kikao.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu hata mimi nilichelewa kulielewa. Nilidhani mtu akishachora, kazi imekwisha. Kumbe mchoro ukiwa ndani ya kompyuta bado ni mbichi. Inabidi kompyuta yenyewe ikae iuchore upya, picha moja moja, na mtu kuinua mkono tu ni picha nyingi: hii mkono uko chini, hii umepanda kidogo, hii umepanda zaidi. Kisha izifunge zote na sauti zake, ziwe video moja inayoingia kwenye flashi na kupelekwa mahali. Vijana wana neno lao la Kizungu. Mimi aliniambia "inapika", kwa kunihurumia, na hilo nikalielewa. Ikiwa inapika, huigusi. Inapata joto kama mwenye homa, feni yake ya ndani inalia, na binti anachukua feni yangu ya mezani, ile niliyonunuliwa kwa ajili ya presha, anaielekeza kwenye kompyuta. Mimi najipepea kwa kipande cha boksi. Kwenye kioo kuna kamstari kanakosogea. Nimemwona kinyonga akivuka barabara, nimeliona faili la kiwanja likivuka kutoka meza hii kwenda ile. Kamstari hako kamewazidi. Na umeme ukikatika, kwa kuwa betri ya kompyuta ile ilikufa zamani, mnaanza tena na mbichi.

Katuni ya kwanza aliipika, nikaiona. Ilikuwa fupi na tamu. Bibi harusi ni mtoto, mbuzi anamlia sketi ya shule kwenye kamba ya kuanikia, mtoto anavuta huku, mbuzi anavuta kule. Bibi harusi yuko shamba la zabibu la jirani, mdomo umekuwa zambarau mpaka masikioni, anamwambia mwenye shamba hajaonja hata moja. Bibi harusi amekuwa msichana, umeme umeharibika nyumbani, anakuja fundi kijana, anapanda ngazi, anamwona msichana, anashika waya asiopaswa kuushika. Nywele zinasimama. Nilicheka mpaka nikaomba aisimamishe nipumue.

Ndipo kamati ikaja kuikagua.

Kamati ya send-off ilikuwa inakutana kwangu, kwa kuwa kwangu hakuna kodi na chai ipo. Mwenyekiti wake alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Huyu alikaimu cheo serikalini miaka nenda miaka rudi, na alistaafu bado anakaimu. Tangu hapo anatafuta mahali pa kuthibitishwa. Katibu alikuwa mwalimu wa jirani, mama mwenye sauti ya kuita mstarini. Mwanangu alikuwa mjumbe. Wengine walikuwa mashangazi, wajomba na majirani, waliokuja kuunga mkono hoja.

Wakaangalia. Walipofika kwenye mbuzi, katibu alimwaga chai. Walipofika kwenye fundi na waya, mashangazi wakagongana mabega. Ikaisha, wakapiga makofi. Nilimtazama mwanangu, naye alikuwa ameonyesha meno, ingawa aliyarudisha haraka. Nikasema moyoni, misumari itapimwa na mwingine.

Shemeji yangu akakohoa.

"Nzuri. Nzuri sana, hongera binti yetu. Nina jambo dogo tu. Itifaki iko wapi?"

"Itifaki gani, babu?"

"Mgeni anaingia ukumbini, anakaa kwa heshima zake. Kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni nini? Mbuzi! Mbuzi anatangulia mwenyekiti!"

Wale wale waliokuwa wakifuta machozi ya kicheko wakaanza kutikisa vichwa, wakishangaa walivyomwachia mbuzi aende mbali kiasi kile. Mwanangu akatikisa kuliko wote.

Ikaamuliwa kwamba kabla ya hadithi, wahusika wote waonekane katika katuni, mmoja mmoja, kila mtu na jina lake na wadhifa wake. Swali likawa mpangilio: nani mkubwa kwa nani, nani alizaliwa nyumba ipi. Wote wakanigeukia.

"Shemeji, wewe ndiye kitabu chetu."

Basi nikawasomea. Nilianza na wazee wa upande wa marehemu, nikashuka nyumba kwa nyumba, nikapita upande wangu, nikaingia kwa wakwe. Ungewaona! Mtu mzima amenyoosha shingo anasubiri jina lake kama mtoto anayesubiri nyama. Wajomba wawili wakagombana nani atangulie. Katibu akatoa busara: waingie pamoja, mmoja kutoka kushoto, mwingine kutoka kulia. Wakagombania kulia.

Binti akarudi kuchora. Alizichora sura zote zile, na alizichora vizuri, jambo lililokuwa kosa kubwa. Walipozipokea kwenye simu, kila mtu akalalamika kwamba amefanana. Shangazi mmoja alitaka apunguzwe kidevu. Mjomba wa kulia alitaka aongezwe nywele. Shemeji yangu alitaka suti, na suti ilipowekwa alitaka tai, na tai ilipowekwa akasema mkao wake si wa kiongozi. Kila neno lao moja lilikuwa na maana ya kupika upya, na kila wakipiga simu nilisikia swali lile lile likitoka kwenye spika:

"Bado tu? Si ubonyeze tu?"

Watu hao hao, wakingoja mlenda uive, wanakaa jikoni kwa adabu. Kompyuta ndiyo haipewi muda.

Video ilikuwa nzito, haikubali kupita kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Binti akalazimika kuwapikia ya kwao ndogo, iliyofifia, na ile kubwa kuiweka kwa ajili ya ukumbi. Akaandika pale wazi kwamba hii ni ya kuonja tu. Baada ya kitambo kidogo shemeji yangu akapiga.

"Binti, mbona mimi nimekuwa kama kiazi?"

"Ni hiyo ndogo, babu. Ya ukumbini uso uko safi."

"Watu wananiona kiazi sasa hivi. Ukumbini ni Jumamosi."

Akapika nyingine.

Halafu mshereheshaji wa ukumbi akatuma salamu kwamba video isimalize muda wa chakula. Ilikuwa imenenepa. Kamati ikakaa tena hapa, ikanywa chai yangu, ikapima nini kipunguzwe. Nilidhani kuna jibu moja tu. Shemeji yangu akalitoa jingine.

"Tupunguze hadithi."

Mbuzi akaondolewa. Zabibu zikaondolewa. Akabaki fundi na waya, tena amekatwa kabla nywele hazijasimama, kwa kuwa ilionekana inashusha hadhi ya bwana harusi. Binti alikwenda uani akaosha vyombo vyote, hata visivyokuwa vichafu. Jioni baba yake alipopita, akamwuliza, "Baba, kwani wewe utapima nini siku hiyo? Kazi yangu au itifaki yao?"

"Nitapima kitakachoonekana," mwanangu akasema. "Wakubwa wakisema jambo, kazi ni kulitekeleza. Hata ofisini ni hivyo."

"Ndiyo maana ofisini kwenu mambo yanakwenda," nikamwambia. Akaaga.

Sasa linakuja lile lililonifanya niandike.

Shemeji yangu aliamka siku moja na wazo. Majina yasiandikwe tu. Yasomwe. Na asomaye awe bwana harusi mwenyewe, ili ndugu wote waone alivyowatambua. Kamati ikapokea kwa makofi. Mimi sikuulizwa. Niliulizwa majina, nikatoa majina; nani ayatamke, halikuwa swali langu, na kusema kweli nilipolisikia nilitaka kuona litafika wapi.

Maana bwana harusi yule hakuwa kijana wa mjini, japo alikuwa fundi umeme kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege kule Msalato na alivaa kofia ya plastiki kama wenzake. Alilelewa na bibi yake kijijini, akichunga. Mara ya kwanza alipoingia kwangu alinipa "shikamoo" akiwa amechuchumaa, kisha akanisalimu kwa Kigogo, "mbukwa", nikamjibu, na hakuketi mpaka nilipomwambia mara ya pili. Mtoto wa namna hiyo ana mambo yake ndani.

Akapelekewa orodha, akasoma kwa simu, akatuma sauti. Alisoma vizuri, taratibu, kila mzee na wadhifa wake. Alipofika kwa mama mzazi wa bibi harusi, yaani mke wa mwanangu, sauti ikakatika. Ukasikia ng'ombe wa mtu kwa mbali. Kisha akaendelea na shangazi.

"Ameruka," katibu akasema. "Arudie."

Akarudia. Tundu likawa palepale. Safari hii alikohoa ndani yake. Na kila alipotuma upya, kikohozi kilikuwa kirefu au kifupi kuliko cha kwanza, picha zinaachana na maneno, jina la shangazi linasikika uso wa mjomba ukiwa kwenye kioo, na binti anapanga upya, anapika upya, mimi najipepea kwa boksi.

Wakamwita. Alikuja na nguo za kazi, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Kijana," shemeji yangu akaanza, "tunakushukuru. Ila kuna jina moja umelisahau."

"Sikulisahau, baba."

"Basi lisome sasa hivi, binti arekodi, tumalize."

"Siwezi, baba."

"Huwezi nini? Si jina tu?"

Kijana akatazama vidole vya miguu yake. Jasho likamtoka kana kwamba yeye ndiye anapikwa. "Huyo ni mkwe wangu," akasema.

Mashangazi wakatazamana. Walikumbuka, niliwaona wanakumbuka. Kwetu, aliyelelewa vizuri hamtaji mama mkwe wake jina, hata nyumba ikiwaka moto na yeye yumo ndani. Kamati nzima ya Wagogo watupu ilikuwa imekaa wiki kadhaa ikipanga itifaki, isikumbuke itifaki.

"Hayo ni ya zamani," shemeji yangu akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayekaimu.

Wakapendekeza katibu aingize sauti yake penye tundu. Mke wa mwanangu, ambaye muda wote ule alikuwa akigawa maandazi kwa upole, akaweka sinia chini.

"Niheshimuni. Mwanamume anasoma, anasoma, halafu ghafla mwanamke mwingine anadakia jina langu kama anatangaza mzigo uliopotea stendi? Watu wataelewa nini?"

"Basi tuache tundu," katibu akasema.

"Halafu ionekane mkwe wangu kanitupa? Wote wametajwa, hata jirani anayetuazima turubai, mimi mama mzazi hapana? Siji ukumbini."

"Basi tuondoe itifaki yote!" shangazi mmoja akaropoka.

"Itifaki haiondolewi," shemeji yangu akasema, na akaunda kamati ndogo.

Walipotoka, mwanangu alibaki mlangoni. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa na ile huruma ya mtu aliyekwisha kuamua. Akamwambia binti, "Nimezungumza na mjomba wako. Anakutegemea Jumatatu. Chukua nguo za kawaida tu, kule kuna vumbi la saruji."

Binti alitoka nje akamfuata bwana harusi, ambaye alikuwa bado anahangaika kuwasha pikipiki, akamwuliza mbele yangu:

"Shemeji, kwenu mtu akikutana na mkwe wake njiani, inakuwaje?"

Kijana akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema baba yake, akimwona mama mkwe anakuja, alikuwa anaacha njia. Anaingia porini na mbuzi wake, anageuza uso, anasimama kimya mpaka mama apite. Siku moja pembeni palikuwa na miiba mitupu. Akaingia hivyohivyo. Na bibi kizee alipomwona amesimama kwenye miiba, akapunguza mwendo. Akasimama kurekebisha kata ya mtungi kichwani. Akakohoa. Akatazama mawingu.

"Kwa makusudi?" binti akauliza.

"Bibi alimpenda sana baba. Alikuwa anampima."

Sijui kama nilieleza kwamba mjukuu wangu akipata jambo hunyamaza na kuuma kamba ya kofia ya sweta yake. Akaiuma. Kisha akaingia ndani, akanipa ndoo tupu.

"Bibi, weka kichwani, tembea uani."

"Nitembeeje?"

"Kama mtu anayejua kuna mkwe kwenye miiba."

Nilitembea. Nilitembea uani pale na nyonga yangu hii mbovu kwa maringo ambayo sikuyatumia tangu nilipokuwa na kiuno. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama niko salama. Kamati ndogo haikuwa imekutana bado; inawezekana mpaka leo haijakutana.

Jumamosi asubuhi kazi ilikuwa imekamilika kwa kuchorwa, imebaki kupikwa. Kamstari kakaanza kutambaa. Kakafika nusu. Umeme ukakatika mtaa mzima.

Binti aliitazama kompyuta ilivyozima, akaitazama saa, akaikunja kompyuta chini ya kwapa. Tukapanda bajaji mpaka Majengo, kwenye saluni iliyo karibu na wauza nafaka, kwa kuwa pale wana jenereta, na kwa kuwa bibi harusi mwenyewe alikuwa pale anatengenezwa. Akamwomba mwenye saluni sehemu ya kuchomeka. Yule mama akasema, "Mradi isinizimie madraya." Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa: bibi harusi amekaa, kichwa kimo ndani ya draya, anaiva, pembeni yake, juu ya stuli, kompyuta nayo inaiva, imeelekezewa feni, na mimi katikati yao nikizuia watoto wa wateja wasikanyage waya. Jenereta ilikuwa inakohoa nje kama mvuta kiko. Kila ilipokohoa, binti alishika kifua.

Simu ya baba yake ikalia.

"Iko tayari?"

"Inapika, baba."

"Wageni wameanza kuingia."

"Inapika."

"Mwenyekiti anauliza tundu limezibwaje."

Binti akanitazama. "Mwambie limezibwa," nikamnong'oneza. Si uongo.

Ilipokwisha akaihamisha kwenye flashi, akaifungua humo humo kwenye flashi kuhakikisha ina sauti, na dada yake akiwa bado na vibanio kichwani akaomba aone. Binti akakataa. Akasema ataona na wenzake.

Ukumbini nilikalishwa mbele, karibu na mlango wa pembeni, kwa sababu ya miguu. Mshereheshaji akatangaza video. Taa zikapunguzwa. Itifaki ikaanza, na ikawa kama nilivyotarajia: jina, sura, wadhifa, jina, sura, wadhifa. Kila mtu alitazama sekunde zake mwenyewe, kisha akarudi kwenye soda. Shemeji yangu alipotokea na suti na tai, alisimama kwenye kiti chake kusudi watu walinganishe. Meza ya nyuma walikuwa wanazungumzia bei ya alizeti. Nilimtafuta mwanangu, alikuwa anatazama simu. Binti alisimama ukutani, karibu na mtu wa mitambo ya ukumbi, mikono nyuma.

Kisha sauti ya bwana harusi ikakatika.

Watu wamezoea kelele. Ukimya ndio unaowashtua. Vichwa vikainuka. Kwenye kioo hapakuwa na sura wala herufi za dhahabu. Palikuwa na njia ya vumbi, nyembamba, na vichaka vya miiba huku na huku, na kijana mwenye kofia ya ujenzi anakuja na mbuzi mmoja. Mbali, upande wa pili, anakuja mama na ndoo kichwani. Kijana anamwona. Anasimama. Anaacha njia, anaingia kwenye miiba na mbuzi wake, anavua kofia, anageuza uso. Na yule mama, kwa maringo ya nyonga ninayoifahamu, anapunguza mwendo.

Shemeji yangu alidhani mtambo umeharibika. Aliruka na mikono juu akimpungia mshereheshaji azime. Wakati huo huo, kwenye meza ya wanawake waliotoka vijijini, waliokuwa wamenyamaza tangu waingie, kigelegele kikatoka. Kikadakwa na meza nyingine. Mama wa kwenye kioo akasimama kurekebisha kata, mtani mmoja akapiga ukelele kutoka nyuma, "Mwiba umemwingia! Mama, usiharakishe!" Ukumbi ukalipuka. Wanaume walikuwa wanagonga meza. Bwana harusi wa kweli alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye sahani, mabega yanatikisika. Na mke wa mwanangu alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, akalia na kucheka kwa pamoja, kwa kuwa katika watu wote waliotajwa siku ile, yeye ndiye aliyetajwa kweli. Shemeji yangu aliyaona yote hayo, mikono yake bado iko juu. Akaishusha taratibu, akaanza kupiga makofi.

Baadaye kwenye shukrani zake alisema kamati ilipenda kuuenzi utamaduni wetu, na kwamba wazo lile lilitoka kwenye kamati ndogo.

Watu wakawa wanauliza, nani kaitengeneza, ni kampuni ya Dar es Salaam? Mwanangu aliinuka akatoka kwa mlango wa pembeni, akasimama nje karibu yangu bila kuniona, akapiga simu Kibaigwa. Nilisikia upande wake tu. "Shemeji, salama. Eh, tuko hukuhuku ukumbini. Sikia, yule mtu wa misumari... tafuta mwingine. Hapana, haumwi. Ana kazi." Kisha akaingia ndani, akakaa, akala wali wake, na kwa binti hakusema hata neno.

Hakusema wiki nzima. Wiki iliyofuata alikuja hapa na mkuu wake wa kazi, ambaye alitaka katuni ya shamba la baba yake aliyefariki, baba yule na ng'ombe wake. Mwanangu ndiye aliyeeleza kila kitu: namna inavyochorwa, kwa nini ni mbichi, kwa nini haiharakishwi. Alieleza kana kwamba aliyeivumbua ni yeye. Binti alikuwa anapika kazi nyingine ndogo siku hiyo, kompyuta iko mezani, feni yangu iko mbele yake. Mwanangu akamsogeza mgeni karibu amwonyeshe kamstari, akanyoosha kidole kuelekea kwenye kioo.

"Baba, usiguse," binti akasema, bila kugeuka.

Mwanangu, ambaye ofisini kwake watu wanaomba ruhusa hata ya kupiga chafya, akaurudisha mkono wake, akaushika kwa ule mwingine, akasimama kusubiri.